Picha ya Mke Wangu na Upepo wa Ikungi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Upepo tangu alfajiri. Mabati yanaimba. Nimeamka nikiwa upande wangu wa kitanda, kwa mazoea tu, maana siku hizi pande zote mbili ni zangu. Mke wangu Catherine bado yuko kwao Iguguno.

Aliondoka kwa sababu ya nyuki. Sikatai, mizinga haikai chumbani. Lakini usiku kulikuwa na baridi, na nilisikia kwamba nyuki wakilala kwenye joto asali huongezeka maradufu. Wazo zuri! Wakamuuma kope asubuhi ya kipaimara cha mtoto wa dada yake. Alikwenda kanisani na jicho moja, na kutoka kanisani akapitiliza kwao. Nyuki nao wakahama wiki ileile. Hata wao.

Leo habari kubwa. Baba mkwe, Mzee Elisha, amempigia simu Nesi Severina. Jumamosi ya tarehe 15 wanakuja hapa Ikungi: yeye, mama mkwe na Catherine. Kikao. Wakikuta akili yangu imetulia, narudishiwa mke. Wakikuta bado inarukaruka, Catherine anabaki Iguguno moja kwa moja na mimi nabaki na mabati yangu. Atakayeulizwa ni Nesi Severina. Ndiye aliyempokea Catherine siku anazaliwa, na wakwe zangu wanaliamini neno lake kuliko taarifa ya habari.

Nesi amestaafu. Sasa ana karakana ya sanaa kwenye ghala la zamani la alizeti, nyuma ya soko. Mwenye ghala, Prashant, yule mwenye duka la vifaa Singida mjini, amemwachia alitumie bure. Watu wenye mizigo moyoni wanakwenda pale, wanachora, wanafinyanga, wanapona. Ndivyo wanavyosema.

Nimekaa mlangoni jioni nzima nikitazama vumbi likipita. Likawa jekundu, likawa la dhahabu, kisha wazo likaja. Nitajitolea pale! Nitaonekana nikiponya watu. Nani atamnyima mke mganga?

Jumanne, 4 Juni

Siku ya kwanza ya kujitolea. Nilivaa shati jeupe. Kosa.

Nilimwamkia Nesi shikamoo kwa heshima zote, akaitikia marahaba, Mughwai mwanangu, akanikabidhi ufagio. Nikamweleza kwamba mimi nimekuja upande wa uponyaji. Akasema huo ndio upande wenyewe, nianzie kwenye kona ile.

Lakini pazuri! Sikutegemea. Juu kuna mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, na vumbi la alizeti la miaka yote bado linaelea humo ndani, polepole, halitui. Harufu ya mafuta. Watu wameinamia kazi zao kimya. Nilifagia mahali pamoja kwa muda mrefu bila kujua.

Yupo Godfrey. Huyu huchora mabango ya saluni na maduka, na hapa anafundisha watu kushika brashi. Mnyiramba wa Iguguno, mimi Mnyaturu, kwa hiyo ni mtani wangu na ulimi wake hauna breki. Alivyoniona na ufagio akauliza kwa sauti kama Wanyaturu wameanza kufundishika. Akasema sisi tulipewa upepo mwingi na akili nyepesi, na vyote viwili huenda safari moja. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba Mnyiramba hajawahi kuona upepo kwa sababu hulala mpaka ukapita. Hakuna aliyecheka. Utani unataka ukumbi uliozoea sauti yako.

Dirishani hukaa Bibi Winfrida. Mumewe alifariki wakati wa mvua. Anajibu shikamoo, halafu basi, hana neno lingine kwa mtu yeyote. Anachora mlango. Wa bluu, umefungwa. Kila siku karatasi mpya na mlango uleule. Nikamwuliza Nesi kwa nini hawamwulizi ule ni mlango gani. Akasema hapa hatuulizi, tunamwekea rangi karibu tu. Nikasema kwa mwendo huo atapona lini. Nikapewa dekio.

Jioni Nesi akanikalisha kwenye udongo, nitoe mawe. Nikakaa, nikakanda. Udongo ulikuwa wa baridi na mtulivu. Nikamwona Catherine anapepeta alizeti uani, makapi yanaruka, yeye amefumba macho na anacheka kidogo kwa kuwa pua inamwasha. Nilipozinduka nilikuwa na kikombe mkononi. Kimepinda. Nikakitupia kwenye rafu nikaenda nyumbani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamua kumponya Bibi Winfrida kabla ya tarehe 15. Nimefikiria sana. Mlango wake hauna kitasa! Mtu atatokaje kwenye huzuni kupitia mlango usio na kitasa? Nilishangaa kwamba Nesi, mwenye vyeti, hakuliona jambo hilo.

Nilisubiri bibi ainuke kwenda kunawa. Nikachora kitasa. Cha njano, kizuri, kinang'aa. Nikasimama pembeni kuusubiri uponyaji.

Bibi akarudi. Akakitazama kitasa. Akanitazama mimi. Akachukua brashi akakifuta chote kwa bluu, kisha akauongezea mlango komeo. Kubwa. Na kufuli.

Godfrey aliona kila kitu. Saa ya chai alitangaza kwamba mgonjwa alikuwa amefunga mlango tu, daktari amefika na sasa amekomea. Akaongeza kwamba atawapelekea salamu wakwe zangu, maana Ijumaa anapanda kwao. Nikamsihi. Akasema mtani hasihiwi.

Nesi hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia vizuri. Alinionyesha tu udongo. Nikakaa. Leo niliwaza ile siku ya mnada wa Iguguno, Catherine kabeba mtama kichwani na ananiambia nimemkanyaga mguu, na mimi sisogei kwa sababu sitaki hiyo dakika iishe. Kikombe kingine. Nacho kimepinda, upande uleule.

Ijumaa, 7 Juni

Ndoto! Niliiota mchana kweupe, nimeegemea jembe nyuma ya ghala. Ukuta wa mbele wa karakana ni mweupe, mpana, unatazama barabara. Nikauona uso wa Catherine umejaa ukuta mzima, na wakwe zangu wanashuka kwenye gari, wanasimama, wanashika vifua vyao. Mzee Elisha anasema: kumbe huyu kijana anampenda hivi! Basi, kikao kimekwisha, tule.

Nilimwomba Nesi ruhusa alipokuwa anawaaga wageni wa kanisani. Akasema tutaona. Hiyo ni ndiyo.

Tatizo ni rangi. Rangi za karakana ni za wenye huzuni, na Nesi anaamini kwamba mimi sina huzuni, nina haraka. Hewala. Nitatengeneza zangu. Udongo mwekundu upo kilimani. Majivu yapo. Masizi yapo, Catherine ameniachia sufuria zote. Uji wa mahindi wa kushikisha. Kitu cha kuipa rangi unene ndicho kilinisumbua, mpaka nilipojikwaa kwenye viroba vya mashudu. Kona nzima ya ghala imejaa makapi haya yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, na hakuna anayeyataka ila wafuga kuku. Nikachanganya na uji. Yakawa mazito, laini, yanateleza mkononi.

Nina hakika hakuna aliyewahi kufikiria hili duniani. Watu hupita juu ya utajiri wanaenda kuchuma mchicha.

Jumapili, 9 Juni

Nilitoka misani nikaenda moja kwa moja ukutani. Karakana imefungwa, barabara tupu, jua jembamba la Juni. Nikachora mpaka kivuli changu kikafika ng'ambo ya barabara.

Sijui niandikeje. Sikufikiria wakwe. Sikufikiria kikao. Nilikuwa natafuta ule mkunjo mdogo wa mdomo wake anapotaka kucheka na hataki nijue. Mara nyingi niliupoteza. Kisha mkono ukaupata wenyewe, na nikasimama pale nikisikia joto kifuani. Namkumbuka mke wangu. Nyumba haina sauti. Hata kunisema hakuna mtu wa kunisema.

Niliporudi nyuma kutazama, alikuwa yeye. Catherine, shavu laini, macho ya pembeni, kilemba chekundu. Nami sijawahi kuchora hata mbuzi!

Kuku wa jirani walikusanyika wakautazama ukuta kwa utulivu mkubwa. Jogoo mwekundu aliinamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Wapenzi wa kwanza wa sanaa yangu. Nikawaruhusu wakae.

Jumatatu, 10 Juni

Upepo ulivuma usiku kucha. Mkavu, wa mwezi huu, ule unaopasua midomo. Umepasua na rangi.

Nilifika asubuhi nikamkuta Godfrey, katoka Iguguno, amesimama mbele ya ukuta. Kavua kofia. Ananyamaza! Kisha akainama kidogo, akauambia ukuta: "Shikamoo, mama."

Nikamwambia utani una mpaka. Akasema leo hatanii. Akanishika bega, akaniuliza kwa upole, jambo lililonitia hofu zaidi, kwa nini nimemchora mama mkwe wangu.

Nyufa zimeingia kila mahali. Chini ya macho, kwenye paji, pembeni mwa mdomo. Catherine wangu amezeeka kwa usiku mmoja. Lakini je, ndiye mama mkwe? Hapo ndipo penye balaa: mimi ndiye mtu pekee Ikungi nzima nisiyeweza kujua. Kwetu na kwao mkwe hatazamwi usoni. Tangu nimeoa, nikimwona njiani naingia porini mpaka apite. Nikimwamkia, namwamkia nikitazama ardhi. Namfahamu kwa viatu vyake vyeusi na kwa upindo wa kitenge. Ukinionyesha miguu mia moja nitakuchagulia ya mama mkwe. Uso, hapana.

Nikaenda kuulizia. Muuza vitumbua, ambaye kwao ni Iguguno, alifika akaziba mdomo kwa kanga. Fundi baiskeli akasema ni yeye kabisa, ila amekonda. Mama mmoja mpita njia akauliza kwa majonzi, marehemu amefariki lini.

Kutazama uso wa mkwe ni aibu. Kuuchora mkubwa, barabarani, mpaka na mikunjo! Watasema niliujulia wapi. Nimerudi nyumbani kwa njia ya mashambani.

Jumatano, 12 Juni

Nimerekebisha. Mikunjo hutokana na ukavu, basi dawa yake ni unene. Nilizibaziba nyufa zote kwa mashudu mapya, mengi, yenye maji. Sasa mama mkwe hajakonda tena. Amenenepa mno. Muuza vitumbua alipita akasema afadhali, sasa amepata nafuu.

Niliwaza kumfuta kabisa. Nikachukua jembe. Nikalinyanyua. Nikalishusha. Mkwe gani anakwangua uso wa mama mkwe kwa jembe mchana, watu wanatazama? Nikamwomba Godfrey anisaidie, yeye si mkwe wake. Akasema hata nikimpa ng'ombe. Jumamosi ameshaiwekea kiti cha mbele.

Hatimaye Nesi alitoka nje akaona. Akaniuliza kama nakumbuka Jumamosi ni siku gani. Nikasema nakumbuka. Akaniuliza kama nataka Catherine arudi, au nataka tu kushinda. Nikasema vyote. Akapumua. Akanishika mkono kama mtoto, akanikalisha kwenye udongo, akaniambia nisiinuke mpaka aniambie yeye.

Nikakaa. Mwanga ukahama kutoka ukuta huu kwenda ule. Bibi Winfrida anapaka bluu. Mahali fulani mtu anatwanga. Nikawa niko nyumbani, Catherine anachochea moto, hakuna anayesema kitu na hakuna kinachokosekana. Niliposhtuka, rafu ilikuwa na vikombe vinne vipya na watu wote walikuwa wameshaondoka. Nesi alikuwa amekaa kwenye kigoda ananisubiri. Hakunilaumu kwa kuchelewa.

Njiani nikapata wazo la turubai.

Ijumaa, 14 Juni

Turubai limepatikana! Prashant alikuja kuangalia paa la ghala lake, na garini alikuwa nalo, bluu, jipya. Nikamwambia ni kwa ajili ya kuwakinga wazee na jua. Akauliza mbona nalitundika ukutani na jua liko juu. Nikasema jua la Ikungi ni janja. Akaniazima, ila akasema arudishiwe kabla ya Jumatatu. Mtu mstaarabu, haulizi mara mbili.

Nimelifunga kwa kamba ya katani. Mama mkwe hayuko tena. Kuna turubai tu, limetulia vizuri. Kuku wamelala chini yake, sijui kwa nini wamepapenda.

Kesho nitavaa koti. Nitakuwa kimya na mwenye hekima. Nimejaribu sura ya utulivu kwenye kioo mpaka taya zikaniuma. Ee Mungu, ninyime akili zote, ila huyu mwanamke nirudishie. Hapa siandiki utani.

Jumamosi, 15 Juni

Nitaandika yote.

Walifika kabla ya chakula cha mchana. Nikamwamkia Mzee Elisha shikamoo baba. Nikamwamkia mama mkwe kwa mbali, macho ardhini. Viatu vyeusi, vimepigwa rangi. Kisha nikainua macho nikamwona Catherine. Kope imepona. Alinitazama mara moja akatazama pembeni, na mimi maneno yote ya hekima niliyoyaandaa yakaniponyoka.

Nesi aliwaweka kwenye mabenchi mbele ya ghala, yeye akasimama turubai likiwa nyuma yake. Watu wa karakana wakakaa pembeni, Bibi Winfrida kwenye kigoda chake. Godfrey kiti cha mbele. Mzee Elisha akasafisha koo. Akasema hawana maneno mengi, wamekuja na swali moja: je, akili ya huyu mkwe imetulia? Nesi akafungua mdomo.

Upepo ukaja.

Kamba ikakatika. Turubai likapanda juu zima zima, likajigeuza mara moja, likaelekea Singida mjini, kwa mwenyewe. Nikatazama ardhi upesi. Viatu vyeusi havikusogea. Nikasikia Mzee Elisha anauliza, neno moja moja, nani amefanya hiki. Godfrey akakohoa. Nikasema baba, ni mimi, lakini yule ni Catherine. Nikasikia sauti ya Catherine, ya kwanza tangu aondoke: "Kumbe ndivyo unavyoniona, Mughwai?" Wanawake wawili nimewatukana kwa picha moja! Nikajua nimemkosa.

Hapo nikasikia tok. Tok, tok.

Jogoo mwekundu. Ameanza na kidevu. Na nyuma yake kuku wote wa mtaa, vifaranga na mama zao, wanapanda juu ya mabenchi ya pembeni, wanarukia shavu, wanarukia sikio. Mashudu! Mashudu mabichi yenye uji, na wao siku zote hizi walikuwa wakisubiri kwa heshima! Uso wa mama mkwe unaliwa mbele ya mumewe. Ningefanyaje? Nikiwaacha, ni dharau. Nikiwafukuza, itabidi niutazame ule uso, ni dharau zaidi. Nikafumba macho nikakimbilia ukutani nikipiga kelele za kuku.

Ukuta nilidhani uko mbali. Niliugonga kwa uso. Ule unene niliouongeza Jumatano ulikuwa bado haujakauka. Nilipojibandua, pua ya mama mkwe ilikuwa kwenye paji langu, na kuku wakahamia kwangu. Nikakimbia. Jogoo yuko kichwani. Nikazunguka ghala mzunguko mzima, nikatokea upande wa pili bado naye.

Ndipo nikasikia mlio nisioujua. Niliona kwanza kama mtu analia. Alikuwa Bibi Winfrida. Ameinama kwenye kigoda, ameshika mbavu, anacheka, hana sauti, kisha ana sauti, anapiga paja lake na kiganja chenye rangi ya bluu. Watu wa karakana wote wakamgeukia. Nesi akafunika uso kwa mikono. Halafu kicheko cha pili, kinene, cha mtu mzima, kikatoka juu ya viatu vyeusi. Mama mkwe! Mkwe hacheki mbele ya mkwe, lakini alicheka mpaka akaegemea bega la Catherine, na Catherine naye alikuwa ameshaanza, machozi yanamtoka.

Mama mkwe akasema kitu kwa Kinyiramba. Kinyiramba changu ni cha kuombea chakula tu. Nikamwomba Godfrey anitafsirie. Alikuwa chini, hawezi kusema.

Mzee Elisha pekee hakucheka. Akasema mila ni mila, mbuzi wa kufuta aibu lazima atoke. Mama mkwe akamnong'oneza Nesi, na Nesi akatufikishia: ule uso umeshaliwa wote, mbuzi atakuwa wa kufuta nini? Mzee akatazama ukuta. Limebaki sikio moja. Akakunja midomo, akakunja tena, akageuka kutazama barabara, mabega yanamtikisika.

Kisha Nesi akajibu lile swali. Alikwenda ndani akaja na vikombe vyangu vyote kwenye sinia. Akasema: "Mughwai akikaa kwenye udongo, ni mtu. Akisimama tu, ndiyo haya mnayoyaona." Catherine akachukua kimoja. Akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akauliza nilikuwa nawaza nini nilipokitengeneza. Nikamwambia ukweli kwa sababu sikuwa na uongo wa karibu: nilikuwa nakuwaza wewe unapepeta alizeti na pua inakuwasha. Akakitia kwenye pochi yake.

Akasema atarudi Jumanne. Sharti moja: kila mchana nije hapa nikae. Nikae tu. Nikalia. Mbele ya mtani, na mashudu kwenye paji.

Jumatatu, 17 Juni

Nilikwenda kukaa. Bibi Winfrida alikuwa dirishani. Mlango wa bluu, umefungwa, komeo na kufuli viko palepale. Lakini chini, kwenye kizingiti, leo kuna kuku.

Hatukumwuliza. Alisema mwenyewe, bila kuinua kichwa, kwamba mzee wake alikuwa hawataki kuku mlangoni pale, kila asubuhi alikuwa anawarushia kandambili, na hakuwahi kumpata hata mmoja. Akacheka kidogo. Akaendelea kuchora manyoya. Nesi alikwenda nyuma ya viroba akakaa huko kwa muda, akarudi macho yamevimba.

Godfrey alininong'oneza kwamba kweli Mungu hutumia vyombo vya ajabu. Nadhani ilikuwa pongezi. Nimeipokea.

Jumatano, 19 Juni

Catherine yuko jikoni. Nasikia mwiko. Upepo uko uleule lakini mabati leo naona yanaimba vizuri. Jana alifika na begi lake, akafungua madirisha yote, akanisema kwa sababu ya masizi, sufuria, shuka, na nikawa nasikiliza huku nimefumba macho kwa raha. Sitaki kitu kingine duniani.

Mchana nilikaa kwenye udongo kama nilivyoahidi. Sikusimama hata mara moja. Catherine alipita kuchungulia, akanikuta nimekaa, akaenda zake ameridhika.

Na ukikaa, akili inatulia, na ikitulia unaona mambo. Nimetambua kosa langu ni nini. Mashudu yalikuwa machache! Ukuta mmoja, uso mmoja, kuku wa mtaa mmoja, na mjane aliyenyamaza tangu masika akacheka. Je, ghala zima, ndani na nje? Je, kuku mia wa kijiji cha Mgori, waliofundishwa? Watu wenye huzuni watakuja kutoka Dodoma. Nimekaa hapohapo nimewapigia simu wafugaji wa Mgori. Nimepiga na kwa wakamuaji alizeti. Uso wa kuanzia nimeshauchagua: Mzee Elisha, maana Jumamosi alicheka kidogo mno, na inaelekea ndani yake kuna mengi. Vifaranga watahitaji joto usiku, na jiko letu lina joto.

Catherine ameuliza kutoka jikoni mbona nimekaa kimya hivyo, nawaza nini. Nimemjibu siwazi kitu, mke wangu, nimekaa tu. Akasema asante Mungu.

Matenga ya kuku yanafika kesho saa nne. Catherine atakuwa sokoni.